Habari za Wauguzi na Uchovu Wao, Tangu Scutari Mpaka Siku Hizi

Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu hospitali, akiwa mgonjwa wa tumbo. Tulifika jioni, akapewa kitanda, na yapata saa tatu ya usiku akaja mwuguzi, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake. Hakutoa shikamoo. Alisimama miguuni pa kitanda, akashika kalamu, akamwuliza mama maswali ya ndani mbele yangu na mbele ya majirani wa kulia na wa kushoto, maswali ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia yakiulizwa kwa mama yake. Mama akafumba macho, akasema, "Mimi sina neno." Mwuguzi akaandika, akaenda zake. Nami nikakasirika sana, nikasema moyoni kwamba vijana wa sasa wamefundishwa kila kitu isipokuwa adabu.

Lakini usingizi haukunijia, nikawa namtazama. Wodi ile ilikuwa na wagonjwa 34, naye alikuwa peke yake. Alikwenda huku na huku mpaka usiku wa manane, akibadili maji ya mshipani, akimwinua huyu, akimwosha yule, akikimbilia mlangoni kumpokea mwingine. Karibu na alfajiri nilimwona amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho yake yameelekea ukutani. Mgonjwa mmoja alimwita mara tatu, wala hakuitika. Hakuwa na sura ya mtu mwenye kiburi. Alikuwa kama mtu asiyesikia.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma habari za kazi ya uuguzi kila nipatapo kitabu, na nimeona vema kuwaandikia wasomaji wenzangu machache niliyoyapata. Sisi watu wa vijijini huwalaumu wauguzi sana, na pengine twawalaumu kwa haki. Lakini mambo mawili niliyoyaona yamekutana katika wodi ile, yaani wingi wa kazi upande mmoja, na kutojua desturi za mgonjwa upande wa pili, hayakuanza kwetu wala hayakuanza jana. Yana historia yake, nayo ni historia ya watu waliokawia sana kuelewa.

Wengi waliopita shule wamesikia jina la Bibi Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, nao humkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akipita kati ya vitanda. Habari ya taa ni ya kweli, lakini imezifunika habari nyingine zenye maana kubwa zaidi. Mwaka 1854 Waingereza na Wafaransa walikuwa upande wa Waturuki, wakipigana na Warusi katika rasi ya Crimea. Askari wa Kiingereza waliojeruhiwa na waliougua walivushwa bahari mpaka Scutari, ng'ambo ya pili ya mji wa Istanbul, wakalazwa katika kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa kuwa hospitali. Bibi Nightingale alifika huko tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38. Kesho yake yakapiganwa mapigano ya Inkerman, na majeruhi wakaanza kuletwa kabla wageni hawajaizoea nyumba.

Na nyumba yenyewe ilikuwa mbaya kupita kiasi. Vyoo vilikuwa vimeziba, na chini ya jengo ilipita mifereji ya uchafu ambayo hewa yake ilipanda mpaka vyumbani. Panya walikuwa wengi. Mabeseni, shuka na nguo safi havikutosha, na wagonjwa walilazwa karibu karibu katika kumbi ndefu, wengine sakafuni. Wauguzi walifanya kazi kwa bidii ambayo hakuna awezaye kuidharau. Walifua, walipika, walifunga vidonda, walikesha na wanaokufa. Walakini vifo havikupungua, bali viliongezeka. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42 hivi. Wauguzi wenyewe wakashikwa na homa, na baadhi yao wakafa. Wengine wakarudishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa, na wengine kwa sababu ya ulevi.

Mwezi wa Machi 1855 serikali ya Uingereza ilituma mabwana wa afya, miongoni mwao Dakta John Sutherland na Bwana Robert Rawlinson aliyekuwa fundi wa ujenzi. Hao waliizibua na kuiosha mifereji, wakaondoa mizoga ya wanyama iliyokuwa ikichafua maji, wakatoboa njia za hewa, wakapaka kuta chokaa. Kufika mwezi wa Juni vifo vilikuwa vimeshuka mpaka 2 hivi katika 100. Ni kweli kwamba baridi kali ilikuwa imepita, na chakula cha jeshi kilikuwa bora kuliko kwanza. Hata hivyo mtu aliyekuwa akipita wodini mwezi wa Februari na akapita tena Juni angewaona wauguzi wale wale, na huruma ile ile. Kilichobadilika ni nyumba, maji na idadi ya wagonjwa.

Bibi Nightingale mwenyewe hakuyaelewa hayo papo hapo. Aliyaelewa aliporudi Uingereza mwaka 1856, alipokaa na Bwana William Farr, mtaalamu wa hesabu za vifo, wakazipanga tarakimu za vita nzima. Hapo aliona kwamba maradhi yaliua watu wengi mno kuliko risasi za Warusi, na ya kuwa maradhi hayo yaliletwa na mpango mbaya wa nyumba na vyakula. Nadhani hapo ndipo alipokuwa mkubwa kweli kweli, kupita alipokuwa na taa mkononi. Mtu aliyesifiwa na taifa zima kwa upole wake akakubali kwamba upole peke yake haukuwaokoa wale askari.

Kuna jambo jingine la Scutari ambalo vitabu vya shule hulipita upesi. Wale wauguzi 38 hawakuwa watu wa namna moja. Kumi walikuwa watawa wa Kikatoliki, 14 walikuwa na dada wa Kianglikana wa jumuiya mbalimbali, na 14 wengine walikuwa wanawake wa kulipwa kutoka hospitali. Katika jeshi la Waingereza askari wengi walikuwa Waairishi, na wengi wa hao walikuwa Wakatoliki. Kule Uingereza watu walikuwa wakitazamana kwa shaka: Waprotestanti waliogopa watawa wasije wakawageuza askari dini, na Wakatoliki waliogopa askari wao wasife bila mtu anayejua sala zao. Mwezi wa Desemba 1854 likaja kundi la pili la wanawake zaidi ya 40, likiongozwa na Bibi Mary Stanley, ndani yake wakiwamo watawa kutoka Ireland na mkuu wao, Mama Frances Bridgeman. Bibi Nightingale alikataa kuwapokea. Alisema hakuwaita, hana mahali pa kuwalaza, na wingi wa watu wasio na mpango utamharibia kazi. Ugomvi huo haukuisha. Mwaka 1856 Mama Bridgeman aliwachukua watawa wake wakarudi Ireland, kuliko kukaa chini ya amri ya Bibi Nightingale.

Nikiusoma ugomvi huo naona kila upande ulishika nusu ya kweli. Mama Bridgeman alijua kwamba askari wa Kiairishi anayekufa ana haja ambazo bandeji haiziponyi, naye alikuwa na watu wa kuzitimiza. Bibi Nightingale alijua kwamba kumjua mgonjwa hakufai kitu ikiwa hakuna kitanda, wala sabuni, wala utaratibu. Hawakukaa chini hata siku moja kuziunganisha nusu hizo mbili. Sisi wasomaji wa leo tusiwacheke, maana hata katika hospitali zetu bado hazijaunganishwa vizuri.

Yeye mwenyewe Bibi Nightingale mwili wake ulivunjika. Mwezi wa Mei 1855, alipokwenda Balaklava kukagua hospitali za huko, alishikwa na homa kali akakaribia kufa. Baada ya vita aliishi miaka mingi akiwa mgonjwa, akiandika barua na taarifa zake kitandani, mpaka alipofariki mwaka 1910, mwenye miaka 90. Wako madaktari wa siku hizi wanaodhani ya kuwa ilikuwa ile homa inayotoka kwa mbuzi na ng'ombe, ambayo wafugaji wetu huipata kwa kunywa maziwa mabichi. Yaweza kuwa hivyo. Lakini tukumbuke pia kwamba miezi ile alifanya kazi za watu wengi, naye alikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London, nayo ikawa mfano wa shule nyingi duniani, hata hizi za misheni katika nchi zetu. Shule hizo zilileta faida kubwa. Zilimtoa mwuguzi katika hali ya kudharauliwa, zikampa elimu na heshima. Ila pamoja na faida hiyo lilikuja wazo moja ambalo limedumu sana, yaani kwamba uuguzi ni wito, na mwenye wito hachoki. Mwanafunzi aliishi ndani ya hospitali, aliamka kwa kengele na kulala kwa kengele, mshahara wake ulikuwa mdogo, na akilalamika aliambiwa moyo wake ni mdogo vilevile. Hata sisi walimu tunaijua lugha hiyo. Mimi nina wanafunzi 81 katika darasa moja, na kila mgeni anayekuja kutukagua hutuambia kwamba ualimu ni wito. Ni kweli kwamba ni wito. Lakini sijapata kuona wito uliosahihisha madaftari 81 kwa usiku mmoja.

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja uchovu wa mwuguzi haukuwa na jina. Jina lilipatikana mahali pasipotazamiwa. Mjini New York, katika mtaa wa maskini na vijana wanaotumia madawa ya kulevya, palikuwa na zahanati ya bure, na humo alifanya kazi Dakta Herbert Freudenberger, mtaalamu wa maradhi ya nafsi. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1926, akaikimbia nchi ya Ujerumani angali mtoto, kwa sababu alikuwa Myahudi na watu wa Hitler walikuwa wameshika utawala. Mchana aliwatibu wagonjwa wake wa kawaida, na jioni akaenda zahanati, akakaa mpaka usiku sana. Akaona kwamba watu waliojitolea huko, nao walikuwa watu wema wenye bidii, baada ya mwaka mmoja hivi walikuwa wakibadilika: walikuwa wepesi wa hasira, waliwasema vibaya wagonjwa waliokuja kuwasaidia, walisikia kichwa na tumbo, walikuwa hawana tena furaha. Yeye mwenyewe yakampata hayo hayo. Mwaka 1974 aliandika makala, akautumia mfano wa kitu kilichoungua mpaka ndani yake hamna kitu tena. Kwa lugha yetu twaweza kufikiri juu ya utambi: taa ikiishiwa mafuta utambi haukatiki, bali hujiunguza wenyewe. Na jambo alilosisitiza ni kwamba wanaopatwa upesi ni wale wenye moyo wa kujitoa, kuliko wavivu. Basi hapo fundisho la zamani la wito lilipinduliwa.

Baada yake Bibi Christina Maslach, mwalimu wa chuo kikuu huko California, alifanya kazi ya kuupima uchovu huo. Mwaka 1981 yeye na mwenzake Susan Jackson walitoa maswali 22 ya kumwuliza mfanyakazi, nao waliugawa uchovu katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu ya moyo. Ya tatu ni kujiona kwamba kazi yako haina maana. Lakini ya pili ndiyo iliyonifanya niiweke chini karatasi nikafikiri juu ya mwuguzi wa mama yangu: ni kuanza kuwatendea watu kama vitu. Mgonjwa haitwi tena kwa jina, huitwa "kitanda cha saba" au "lile tumbo la pale dirishani." Mwuguzi hafanyi hivyo kwa kupenda. Moyo unajifunga wenyewe, kama mtu afumbavyo macho vumbi lijapo.

Kisha wakaja watu wa hesabu. Mwaka 1983, wakati hospitali nyingi za Marekani zilipokosa wauguzi, chama cha wasomi wa uuguzi wa huko kilizichunguza hospitali 163 ambazo zilisifiwa kwa kuwashika wauguzi wao wasiondoke, kikachagua 41 zilizopita nyingine. Katika hizo walikuta kwamba wauguzi walisikilizwa na wakubwa, walikuwa na uwezo wa kuamua mambo ya kazi yao, na walikuwa wengi wa kutosha.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ni ule wa Bibi Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002. Waliwauliza wauguzi 10,184 wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, wakalinganisha majibu yao na habari za wagonjwa 232,342 waliopasuliwa. Walikuta kwamba mwuguzi akiongezewa mgonjwa mmoja juu ya wale alionao, uwezekano wa yeye kupatwa na uchovu ule hupanda kwa 23 katika 100, na uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 hupanda kwa 7 katika 100. Wanafunzi wangu wa hesabu watanielewa nikisema kwamba nyongeza hizo huzidishana: hospitali ambayo mwuguzi ana wagonjwa 8, ikilinganishwa na ile ambayo ana 4, uwezekano wa kifo umepanda kwa 31 katika 100. Jimbo la California lilikuwa limekwisha kutunga sheria mwaka 1999 ya kuweka mpaka wa idadi ya wagonjwa kwa kila mwuguzi, nayo ikaanza kushika mwaka 2004. Tangu mwaka uliofuata, katika wodi za kawaida, mwuguzi asiwe na zaidi ya wagonjwa 5. Hesabu ya wodi ya mama yangu, wagonjwa 34 kwa mwuguzi 1, haimo hata katika majedwali yao.

Sasa nirudi kwenye jambo la pili, yaani desturi, maana pengine msomaji anadhani nimelisahau.

Katika miaka ya 1950 mwuguzi mmoja Mmarekani, Bibi Madeleine Leininger, aliyekulia shambani karibu na mji mdogo wa Sutton katika jimbo la Nebraska, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya watoto wenye matatizo ya akili mjini Cincinnati. Watoto hao walikuwa wa asili mbalimbali: Wamarekani weusi, Wayahudi, watu wa milima ya Appalachia, watu wa asili ya Kijerumani. Akaona kwamba dawa zile zile na maneno yale yale hayakuwafaa wote. Walitofautiana katika kula, katika kulala, katika kucheza, katika namna ya kutaka kubembelezwa. Alisema baadaye kwamba alijiona hana msaada, ijapokuwa alikuwa amesoma sana. Hebu tuangalie hapo: aliyechoka ni mtu mwenye elimu na mapenzi, na kilichomchosha ni kwamba juhudi yake ilikuwa haifiki kwa mtoto. Anayepanda mbegu katika udongo asioujua hulima mara mbili na kuvuna nusu.

Badala ya kuiacha kazi alikwenda kusoma elimu ya mila za watu. Aliishi kati ya Wagadsup, watu wa milima ya mashariki ya Papua New Guinea, akajifunza namna wanavyowatunza wagonjwa na watoto wao, akapata shahada ya udaktari wa elimu hiyo mwaka 1965. Kutoka hapo akaanzisha somo jipya katika vyuo vya uuguzi, la kumjua mgonjwa pamoja na mila zake, na mwaka 1974 kikaundwa chama cha wauguzi wa somo hilo. Mwaka ule ule, kama msomaji alivyoona, Dakta Freudenberger alikuwa akiupa uchovu jina lake. Watu hawa wawili walikuwa wakilishika gogo moja, kila mmoja kwa ncha yake.

Huko New Zealand jambo hili lilikwenda mbali zaidi, nami nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu linafanana na ya kwetu. Wenyeji wa kwanza wa nchi ile ni Wamaori, na hospitali zilijengwa na wageni kutoka Uingereza. Kwa Wamaori kichwa cha mtu kina mwiko. Haifai kitambaa kilichofuta miguu kikafuta uso, wala mto wa kuegemeza miguu ukawekwa chini ya kichwa. Tena kondo la nyuma la mtoto huzikwa katika ardhi ya ukoo, na katika lugha yao kondo na ardhi vyote viwili huitwa kwa neno moja, whenua. Hospitali zilikuwa zikilitupa kondo au kulichoma. Nasi tunaosema kwamba mtu amerudi kwao kilikozikwa kitovu chake twaweza kuelewa jinsi mama wa Kimaori alivyojisikia alipoona sehemu ya mtoto wake inachukuliwa kama takataka. Basi akina mama wengine wakaacha kuja mapema, na wengine wakaja wakanyamaza, na wauguzi wakaandika kwamba watu hawa ni wakaidi.

Mwaka 1988, katika mkutano mmoja, mwanafunzi wa uuguzi wa Kimaori alisimama akauliza: mwatufundisha kulinda usalama wa mgonjwa kwa sheria na kwa dawa, je, usalama wa mila yake? Swali hilo lilichukuliwa na Bibi Irihapeti Ramsden, mwuguzi wa Kimaori aliyezaliwa mwaka 1946, akalifanya kuwa fundisho kamili. Mwaka 1992 baraza la wauguzi la nchi ile lililiingiza katika mafunzo ya lazima. Palikuwa na kelele nyingi magazetini, na mwaka 1995 hata kamati ya bunge ililitazama. Fundisho lenyewe halikusema kwamba mwuguzi akariri orodha ya desturi za kila kabila. Bibi Ramsden aliona hatari ya hilo, kwamba mtu aliyekariri hudhani amekwisha kujua. Alitaka mwuguzi ajichunguze kwanza yeye mwenyewe, ajue mila na madaraka anayoingia nayo chumbani, kisha amwulize mgonjwa. Na anayepaswa kusema kama amehudumiwa kwa usalama ni yule aliyelala kitandani.

Lakini kuuliza kwahitaji nafasi, na hapo ndipo mambo mawili yanapofungana. Mwuguzi mwenye wagonjwa watano aweza kukaa kitako dakika chache, akaamkia, akauliza kwa upole, akafunga pazia. Mwenye wagonjwa 34 akifanya hivyo kwa kila mmoja, jua litachomoza hajafika nusu ya wodi. Kumtwika mtu huyo somo la mila juu ya mzigo alio nao, kisha kumwambia kwamba akishindwa ni kosa lake, ni kurudia lile kosa la zamani la wito kwa maneno mapya. Upande wa pili nao una ukweli wake. Wauguzi wakiongezwa mpaka wakatosha, lakini hawawajui watu, maswali yao yataendelea kujibiwa kwa "sina neno," dawa zitarudishwa nyumbani zikatupwa, na mgonjwa yule yule atarudi baada ya mwezi akiwa mahututi. Kazi inayofanywa mara tatu bila kufaulu huchosha kuliko kazi tatu zilizofaulu.

Wala tusisahau kwamba mara nyingine mgeni ni mwuguzi mwenyewe. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa zima tarehe 5 Julai 1948, wauguzi hawakutosha, ikawaita wasichana kutoka visiwa vya Karibi. Wengi wao waliwekwa katika mafunzo ya miaka 2 badala ya yale ya miaka 3, pasipo kuelezwa vizuri tofauti yake, na baadaye wakakuta cheti chao hakitambuliwi kwao. Wako waliokataliwa hata na wagonjwa, waliosema hawataki kuguswa na mkono mweusi. Mtu wa hali hiyo huchoka mara mbili, kwa kazi na kwa kudharauliwa. Siku hizi wauguzi wetu nao huondoka. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza ziliandikiana mapatano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya huko. Kila anayeondoka aacha wodi yenye mtu mmoja pungufu. Shirika la Afya la dunia lilihesabu kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi maskini, zikiwamo zetu za Afrika. Shirika hilo hilo mwaka 2019 liliandika kwamba uchovu huu hutokana na mashaka ya kazi yaliyodumu bila kutengenezwa, wala halikuuweka miongoni mwa magonjwa. Kwa kifupi, dawa yake itafutwe kazini.

Kuhusu mama yangu, alikaa hospitali ile siku sita. Usiku wa tatu nilishangaa kuona wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja. Mwenzake yule binti alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi. Binti yule yule akaja. Safari hii alichuchumaa karibu na kichwa cha kitanda, akasema, "Shikamoo, bibi," akangoja mpaka aitikiwe. Kisha akanigeukia, akasema, "Mwalimu, tafadhali tupishe kidogo," akavuta pazia. Nilisimama barazani muda mrefu, nikisikia sauti ya mama ikinong'ona bila kukoma. Asubuhi daktari alibadili dawa, na siku ya sita tukarudi nyumbani. Njiani nilimwuliza mama ni habari gani alizomwambia yule mtoto usiku ule. Akanitazama kwa ukali, akasema kwamba hayo hayaulizwi na mtoto wa kiume.